Velma ya HBO Max: ni mimi tu sijacheka, au na nyie?

Remoti Mkononi · 14 Januari 2023

Wakuu, habari za wikiendi. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa "unaangalia sizoni gani", uacheni ukae peke yake maana nina dukuduku.

Alhamisi tarehe 12 HBO Max, ule mtandao wa Marekani wa kuangalia sizoni na muvi, wameachia Velma, episodi mbili kwa mpigo, na zitakuwa zinashuka mbili mbili kila wiki mpaka zifike kumi. Kwa ambaye hakukulia mbele ya Cartoon Network: Velma ni yule dada wa miwani na sweta la chungwa kwenye Scooby-Doo, ile katuni ya vijana wanne wapelelezi na mbwa wao; ndiye anayetegua fumbo wakati Shaggy na mbwa wako jikoni wanakula. Safari hii kapewa katuni yake mwenyewe, ya watu wazima, inayorudi nyuma hadi enzi zao za sekondari mjini Crystal Cove, kundi lenyewe bado halijaundwa. Sauti yake ni ya Mindy Kaling, yule Kelly wa The Office. Mkuu wa jahazi ni Charlie Grandy.

Ukisimuliwa wazo lenyewe unalitamani. Velma ana asili ya India, Daphne asili yake Asia Mashariki, Norville (ndiye Shaggy kabla hajaitwa Shaggy) ni mweusi, Fred kabaki Mzungu peke yake. Mama yake Velma ametoweka, na kila binti akitaka kuchunguza jambo anapatwa na maruweruwe ya kutisha, kwa sababu moyoni anaamini mama alipotea kwa kosa lake yeye. Shuleni nako wasichana maarufu wanauawa na ubongo unatolewa. Hapo una kicheko, una hofu, una majonzi. Ukipewa vyote hivyo ukashindwa kutengeneza nusu saa nzuri, usisingizie malighafi.

Sasa sikieni inavyoanza. Bafu la wasichana shuleni, wanaoga, na wanachojadili ni jinsi episodi za kwanza za sizoni nyingi zinavyopenda kutia uchi bila sababu. Yaani wanafanya jambo, wanatangaza kwamba wanalifanya, halafu wanasubiri ucheke kwa kuwa wametangaza. Mara ya kwanza nilitabasamu, sikatai. Baadaye Velma anafungua kabati lake, inadondoka maiti ya mwenzao, fuvu halina kitu. Nikajisogeza mbele kwenye kochi, nikajua sasa tumeanza. Wapi! Haukupita muda maongezi yakarudi kule kule: wahusika wanachambua hadithi za namna hii zinavyoandikwa, badala ya wao kuwa ndani ya hadithi.

Hoja yangu ni hiyo na nitaitetea. Velma haina utani, ina maelezo ya utani. Funga macho usikilize: Daphne, Norville, walimu, polisi, wote wanaongea kama mtu mmoja aliyekaa Los Angeles, mwenye maneno mengi, anayeogopa asije akaonekana kuna kitu anakipenda. Na kinachodharauliwa kuliko vyote ni Scooby-Doo yenyewe. Ni shemeji aliyekuja harusini, kakaa meza ya mbele, sahani imejaa, na kazi yake ni kumnong'oneza kila mtu kwamba harusi ni ushamba. Si ungebaki kwako?

Mliocheka karibuni. Tajeni dakika, nitarudia kuangalia.

Flashi Tupu

Mkuu mimi naweka watu muvi na sizoni huku Mbagala. Ijumaa wameiulizia kwa jina, si kawaida kwa katuni. Leo asubuhi mmoja karudi. Hakudai hela yake, kasema tu "bro nifutie hii, niwekee chochote".

Mwana Sizoni

Nimekaa paleee nasubiri watetezi.

Mbishi Halali

Mnazunguka mbuyu bure. Tatizo liko wazi, wamebadilisha rangi za watu. Velma niliyemjua mimi si Mhindi, Shaggy si mweusi. Ukichukua kitu cha watu ukakigeuza namna hiyo halafu unataka nicheke? Nendeni IMDb, kule watazamaji wanakotoa alama, mkaone, haijafika hata 2 kati ya 10. Wananchi wameshahukumu.

Remoti Mkononi

Mbishi, IMDb nimeiona. Lakini soma kilichoandikwa chini ya zile nyota. Wapo wanaosema kama wewe, na wapo wengi tu waliokuwa wanaisubiri kwa hamu kwa sababu hizo hizo za rangi, nao wamekasirika kuliko wewe. Si kila siku makundi hayo mawili yanatupa mawe upande mmoja. Wahakiki magazetini wamegawanyika, watazamaji wameizika.

Binti Upanga

Hapa lazima nichangie, nilikuwa nimejiapiza kusoma tu.

Mimi ni Mgujarati, nimezaliwa Upanga, nimesoma hapa hapa Dar. Mbishi Halali, naomba unisikilize bila kununa. Nikiwa mdogo tulipokuwa tunacheza Scooby-Doo na watoto wa jirani, mimi ndiye nilikuwa Velma. Hakuna aliyeniuliza rangi. Nilikuwa na miwani, nilikuwa najibu maswali darasani, kesi imeisha. Kwa hiyo siku niliposikia Velma atakuwa na baba anaitwa Aman na mama anaitwa Diya, na atakayemtilia sauti ni Mindy Kaling, mwanamke ambaye wazazi wake ni Wahindi waliokutana Nigeria kabla ya kuhamia Marekani, nilimwambia dada yangu kwamba hii ni yetu. Hatukuishangaa hata kidogo ile rangi.

Kilichonivunja moyo ni kwamba baada ya majina na rangi ya ngozi sikuona tena chochote. Nyumba ile haina harufu ya nyumba yoyote ninayoijua. Hakuna bibi, hakuna shangazi wa kupiga simu wakati mbaya, hakuna hata ugomvi wa chakula. Kuna binti mmoja anayejichukia na anawachukia wasichana wenzake, na juu ya yote anamtamani Fred, kijana wa Kizungu wa kitajiri. Hiyo ya binti wa Kihindi msomi kumfia kijana mzuri wa shule tumeshaiona kwenye kazi nyingine za dada huyu huyu. Never Have I Ever nayo ilianza hivyo, lakini Devi wa kule ana baba aliyefariki, na kila ujinga anaoufanya unaona umetokea wapi. Kuna ile episodi wanakwenda kwenye Ganesh Puja, Devi anaona aibu kuvaa sari na kuonekana, halafu anakutana na mwenzake aliyetoka chuo ambaye siku hizi anaipenda sherehe ile. Nusu saa nzima inacheka na Wahindi, haiwacheki. Nilimwona binamu yangu mle. Kwenye Velma nilijitafuta sikujipata.

Kwa hiyo msituweke sisi mbele kama ngao yao, wala kama kosa lao.

Mwana Sizoni

Umenena dada. Uzi tayari.

Mbishi Halali

Sijanuna. Ila bado.

Msee wa South B

Wasee wa Bongo, salamu kutoka Nairobi. Mnaionea bana. Nimeangalia zote mbili na kuna mahali nilicheka. Norville kusema hataki kusikia habari ya dawa za kulevya, na sisi wote tunajua Shaggy amekuwa akishukiwa tangu tukiwa watoto, hiyo ilinishika. Wale mamake Daphne wawili, mapolisi, sauti zao ni za Jane Lynch na Wanda Sykes, hawajawahi kuniboesha. Halafu angalieni michoro. Yale maruweruwe ya Velma, vile kuta zinaanza kuyeyuka na vitu vinamtokea gizani, mmeona rangi zile? Kama ingekuwa katuni ya kutisha tupu mngekuwa mnaisifu.

Na mkumbuke BoJack Horseman ya 2014. Episodi za kwanza watu waliiponda, wakasema ni farasi mlevi tu mwingine. Leo ni hao hao wanaiita bora ya kizazi chake. Mpeni Velma nafasi imalize.

Remoti Mkononi

Msee, Norville nakupa. Michoro nakupa pia, nakosea nini nikiisifu? Ila BoJack hapana. BoJack hata pale mwanzoni farasi alikuwa na kidonda na kipindi kilimwonea huruma. Kilikuwa hakijakolea tu. Hii haimwonei huruma mtu, na sioni itakolea kwa kitu gani.

Mama Wawili

Nimepita hapa kutoa tahadhari tu kwa wazazi. Mwanangu wa miaka saba kaona picha yake kwenye simu yangu, akaitambua ile miwani na sweta, akaanza kuniganda nimwekee "Scooby mpya". Kidogo nimwekee! Bahati nikasema ngoja nionje dakika mbili. Lile bafu lilinitosha. Jamani ni ya watu wazima kabisa, damu ipo, matusi yapo. Na mbwa hayumo, kwa hiyo mtoto hata akiangalia atalia.

Flashi Tupu

Mbwa hayumo??

Kachero Mstaafu

Hayumo kijana. Grandy mwenyewe alishaeleza kwamba Warner hawakuwaruhusu kumtumia mbwa kwenye katuni ya watu wazima. Kwa hiyo unatengeneza kitu cha Scooby-Doo, umenyimwa Scooby-Doo. Mtu mwingine angesoma alama za nyakati.

Ngoja niwape historia kidogo maana naona wengi mnaijua kwa marudio. Scooby-Doo, Where Are You! ilianza kuonyeshwa CBS tarehe 13 Septemba 1969, kazi ya Hanna-Barbera, waandishi wakiwa Joe Ruby na Ken Spears, na mchoraji wa wahusika Iwao Takamoto. Wakati ule wazazi wa Marekani walikuwa wanalalamika kwamba katuni za Jumamosi asubuhi zimejaa ngumi na risasi. CBS wakataka kitu kinachosisimua bila kuua. Ndipo ikazaliwa ile kanuni tunayoijua sote: mzimu unatisha mji, vijana wanakimbizwa kwenye korido yenye milango mingi, wanategesha mtego, mtego unaharibika, mzimu unanaswa hivyo hivyo, barakoa inavuliwa. Chini yake kuna mtu. Mara nyingi ni mtu mzima mwenye tamaa: anataka kiwanja, anataka hazina, anataka watu wahame ili yeye abaki na mali.

Na ile ya miwani kudondoka, kuna kisa chake. Nicole Jaffe, dada wa kwanza kumtilia Velma sauti, alidondosha miwani yake mwenyewe siku wanasoma mswada mezani, akalalamika kwamba haoni bila miwani. Waandishi wakaichukua pale pale. Jambo dogo la mtu halisi, limeishi zaidi ya miaka hamsini. Nimeangalia Velma hizi mbili nikitafuta kitu cha namna hiyo, kitu kilichookotwa kwa mtu aliye hai. Remoti umesema kweli, nimekutana na maoni matupu.

Halafu mtu asije akatuambia kwamba ukiitania Scooby-Doo wazee tunakasirika. Mystery Incorporated ya Cartoon Network, 2010 hadi 2013, episodi 52, mji ni huo huo Crystal Cove. Ilitania kila kitu. Iliwafanya wazazi wa Fred kuwa fumbo, ikamfanya Velma awe na wivu kwa ajili ya Shaggy, ikaleta hadithi ndefu yenye giza kuliko tulivyozoea. Ile iliandikwa na watu waliokariri episodi za 1969 mpaka vicheko vya nyuma. Ndiyo maana walijua pa kuminya.

Msee wa South B

Mzee hiyo Mystery Incorporated uko sahihi, hapo sina mashairi.

Penseli

Naomba niongeze upande wa kazi, maana ninajipatia riziki kwa kuchora katuni za matangazo na huwa naona watu wanalaumu wasiohusika.

Kwanza, kwenye katuni sauti hurekodiwa kabla ya kuchora. Mswada unaandikwa, waigizaji wanarekodi, inatengenezwa storibodi (michoro ya awali ya kila tukio), ndipo michoro kamili na rangi. Sasa mswada ukishakuwa maneno matupu, wachoraji mnapokea watu waliosimama wanaongea. Mtafanya nini? Mtawapamba. Ndiyo maana Velma inapendeza mno pale kwenye maruweruwe: huko hakuna mtu wa kuongea, mchoraji kaachiwa uwanja.

Pili, muda. HBO Max waliiagiza Februari 2021. Imetoka Januari 2023. Utani ulioandikwa kucheka na mijadala ya mtandaoni ya wakati ule unafika kwako mijadala ikiwa imekufa, na waliokuwa wanabishana wameshahama. Wale wa katuni ya South Park wanaweza kucheka na habari za wiki hii kwa sababu wao hutengeneza episodi ndani ya siku sita, mfumo wao wote umejengwa kwa ajili hiyo. Ukitengeneza kwa miaka miwili, andika vitu visivyochacha: wivu, uroho, mama na binti, mtu kujiona mjanja. Hawa wameandika mambo ya wiki moja kwa ratiba ya miaka miwili. Nusu ya utani unaouona umepooza uliingia jikoni ukiwa na moto.

Tatu, na hii ndiyo inayowauma watu wa fani yangu huko Marekani. Warner na Discovery waliungana Aprili 2022. Agosti yake wakaitupa Batgirl ikiwa imekaribia kukamilika, filamu iliyotajwa kugharimu dola milioni 90 hivi. Siku hiyo hiyo wakaitupa na Scoob! Holiday Haunt, katuni ya Krismasi ya huyu huyu Scooby. Mwezi huo huo wakaanza kufuta katuni kwenye mtandao wao, Infinity Train ikiwemo, kitu ambacho watu walikipenda kweli kweli. Unaamka asubuhi kazi yako ya miaka haipo popote kihalali. Baada ya mazishi yote hayo, katuni inayopewa matangazo makubwa Januari ni hii. Hasira mnayoiona mitandaoni si ya bafu peke yake.

Mwana Sizoni

Penseli hii ya sauti kutangulia michoro nilikuwa sijui. Shukrani mkuu.

Mbishi Halali

Kwa hiyo itafutwa na hii?

Penseli

Usitegemee haraka. HBO Max wametangaza kwamba hakuna katuni yao mpya ya watu wazima iliyowahi kuanza kwa kutazamwa hivi. Kompyuta haiulizi ulitazama kwa mapenzi au kwa chuki. Wewe uliyeangalia dakika ishirini na tano ili uje utukane hapa umehesabiwa sawa na shabiki.

Flashi Tupu

Bora mimi nilifuta.

Remoti Mkononi · 11 Februari 2023

Wakuu nimerudi. Imeisha juzi tarehe 9 na nimeimaliza yote. Usiniulize kwa nini, mimi nikishaanza kitu nakimaliza, hata mke wangu ananilalamikia.

Nitakuwa mkweli. Katikati pale kuna vipande vizuri. Velma na Daphne waliwahi kuwa marafiki wa kufa na kuzikana, wakagombana, na sasa wanarudiana huku kila mmoja hajui kama anamchukia mwenzake au anampenda kinamna nyingine. Wakiwa wawili tu chumbani, hakuna anayetoa hotuba, kipindi kinabadilika sura. Wanaongea polepole. Daphne anauliza, Velma anakosa jibu, na ule ukimya unachekesha kwa sababu tumeshamzoea Velma ana jibu la kila kitu. Nikasema kumbe wanaweza! Halafu anaingia mtu wa tatu na hotuba inaanza upya.

ASIYEPENDA KUHARIBIWA ARUKE AYA HII. Muuaji ni Victoria, mama yake Fred. Sasa Kachero atanielewa: Scooby-Doo halisi ukivuliwa barakoa unajipiga kofi la paji la uso, "ahaa, ndiyo maana alikuwa anatupia jicho ile ramani". Hapa barakoa imevuliwa nikasema "haya". Fumbo lilikuwa limeachwa njiani mara nyingi mno kupisha utani hadi nilishasahau nani anashukiwa.

Na maruweruwe yale, yaliyokuwa roho ya hadithi, yanatumika kama taa ya stoo: yanawashwa pale mwandishi anapotaka kitu. Kuna wiki yanamuua binti wa watu, kuna wiki hayakumbukwi.

Binti Upanga

Mimi niliishia ya nne. Ila umenishawishi niangalie vile vipande vya Velma na Daphne peke yake. Vipo kwenye ya ngapi?

Remoti Mkononi

Vimetapakaa. Itabidi upige mbele mbele.

Msee wa South B

Nimemaliza pia. Natetea Norville, wengine nawaachia. BoJack sitairudia kuitaja hapa.

Kachero Mstaafu

Mwanangu Remoti, aliyewashinda wote kwenye hii kazi ni Harley Quinn. Nayo ni katuni ya watu wazima, nayo imechukua wahusika wa watoto wa watu, nayo ni ya ukoo huo huo wa Warner, ilianza Novemba 2019. Inatukana, inachinja, inamfanya Bane, yule adui wa Batman, kuwa kichekesho cha kiti cha kukunja. Ila Bane yule anaumia kweli anaponyimwa kiti! Mwandishi kampa kilio kidogo cha mtu mzima. Ukimaliza unampenda Bane kuliko ulivyoanza. Nani kamaliza Velma akampenda Fred zaidi?

Mama Wawili

Hiyo Harley nayo si ya watoto jamani, nasema tu mapema.

Mwana Sizoni · 27 Aprili 2024

Naufukua uzi. Velma msimu wa pili umetoka Alhamisi, zote kumi kwa pamoja, kwenye huo huo mtandao uliobadilishwa jina Mei 2023 ukawa Max. Watetezi na wapinzani mko wapi?

Flashi Tupu

Hakuna aliyeniulizia. Hata mmoja. Msimu uliopita walau walikuja kuitukana.

Penseli

Hicho alichosema Flashi ndicho kifo chenyewe. Mwaka jana matusi yaliisukuma ikapanda. Mwaka huu watu wamechoka hata kutukana.

Remoti Mkononi

Nimeona tatu. Wamepunguza kidogo kujieleza, wameongeza fumbo, na ni bora kidogo kuliko msimu wa kwanza. Nasema hivyo nikijua hakuna atakayerudi kuhakikisha. Mtu ukishamwambia kwa saa nzima kwamba anachokipenda ni upuuzi, hawezi kukusubiri mwaka mmoja na zaidi uje umwambie umebadilika.

Binti Upanga

Nimeangalia ya kwanza. Bado hakuna bibi.

Msee wa South B · 9 Oktoba 2024

Wasee, imekwisha. Walitoa ile maalumu ya Halloween tarehe 3, na sasa imethibitishwa hakuna msimu wa tatu. Grandy mwenyewe amesema.

Kachero Mstaafu

Poleni waliofanya kazi kwa mikono yao. Wachoraji hasa.

Penseli

Asante mzee. Wachache huwakumbuka hao.

Mbishi Halali

Si niliwaambia tangu Januari mwaka ule? Badilisha rangi, ufe. Nilisema hapa hapa mkanishambulia. Mhindi kwenye sweta la Velma hawezi kufika popote, Wamarekani wenyewe wameikataa.

Binti Upanga

Mbishi, Never Have I Ever ina binti Mhindi, shule ya Marekani, mmoja wa walioibuni ni huyo huyo Mindy Kaling. Ilianza 2020 Netflix, ikaenda misimu minne mpaka 2023, ikaisha yenyewe kwa heshima. Watu waliipenda. Hao Wamarekani wako waliikubali vipi?

Mbishi Halali

Hiyo sijaiona.

Binti Upanga

Ndiyo maana tunabishana mwaka wa pili.